Herufi Mia na Sitini

Juu ya kabati la marehemu mama, hapa nyumbani Kiuyu, kuna kikapu cha ukili ambacho watoto wamekatazwa kukigusa. Hamna tunu ndani yake wala hirizi. Mna simu nne zilizokufa, diski sita za mraba za ile aina iliyokuwa ikichukua megabaiti 1.44 basi, flashi mbili, chaja zisizooana na chochote, na kishikwambi ambacho kioo chake kimepasuka mfano wa utando wa buibui. Mke wangu hukiita makaburini. Mimi nilikuwa nikikiita maktaba, mpaka Idd el-Fitri iliyopita alipokuja mpwa wangu kutoka Unguja, akakiteremsha na kukimwaga mkekani.

Mpwa wangu huyu kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Ni kijana wa adabu. Shikamoo huianza akiwa bado yumo njiani. Lakini ukimtaka rai juu ya chombo cha kisasa, adabu huiweka kando akasema kama mganga asemavyo na mgonjwa aliyechelewa kuja. Siku ile vijana wa mtaani walimzunguka barazani, kila mmoja na simu yake mkononi, wakitaka kusifiwa. Mmoja alitoa simu ya thamani ya ng'ombe wawili. Mpwa wangu akaigeuza, akaitazama mgongo, akasema, "Hii umenunua kamera, ndugu yangu. Simu umeongezewa." Mwengine aliambiwa kuwa programu alizozijaza mle ndani nyingi zinamtumikia mtu mwengine, yeye ni mchukuzi wao tu, tena mchukuzi anayejilipia nauli.

Yeye mwenyewe hutumia laptopu ya mtumba ambayo vibonye vyake vimekwisha kufutika herufi, inayoendeshwa na Linux, na kila anachokiandika, hata barua kwa mchumba wake, hukiweka katika faili la maandishi matupu yasiyo rangi wala mapambo. Nilimuuliza sababu. Akanijibu kwamba faili la namna hiyo lilifunguka jana, linafunguka leo, na inshaallah litafunguka kesho katika kompyuta ya mtu asiyemjua. Chombo anachokichukia ni kile kinachopokea amana yako kisha kikakudai ruhusa ya kukuonesha. Na simu zisizotoka betri, alisema, ni nyumba zisizo mlango wa uani. Akanipa habari ambayo sikuwa nayo: kwamba tangu mwisho wa 2024 Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la chaja la aina moja, na kwamba ifikapo Februari 2027 sheria yao itataka, kwa jumla, betri iweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Nikamwambia, "Kumbe Wazungu wanarudi kwenye Nokia yangu."

Basi na mimi nina rai zangu, ijapokuwa sikusoma kama yeye. Skuli niliishia kidato cha pili. Kiingereza nilikiokota redioni na katika kamusi iliyonyofoka kurasa za mwanzo, hata kwa miaka mingi maneno yao yanayoanzia A yalikuwa kwangu ni ghaibu. Ushairi niliupata kwa kukaa nyuma ya wazee walipokuwa wakijibizana. Miaka thelathini sasa ninakula kwa kutafsiri: mikataba, vipeperushi vya malaria, maelekezo ya pampu za maji. Mtu wa kazi hii huvijua vyombo vyake kama mvuvi azijuavyo nyavu, si kwa jina la aliyezisuka bali kwa samaki waliomponyoka.

Programu iliyonifurahisha kuliko zote ni Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden. Ya bure, na huria. Nilipoiona mara ya kwanza katika ofisi moja mjini Wete, menyu zake zote zikisema Kiswahili, niliingiwa na haya kidogo, kama mtu aliyekuwa akisema na mgeni kwa ishara siku zote, kumbe mgeni anamfahamu. Maneno yake niliyapitia moja moja kama mnunuzi wa karafuu apitishaye mkono guniani. Mengine niliyakubali papo hapo. "Tarakilishi", linalotajwa na baadhi ya wataalamu, mpaka leo sikulitia mdomoni. "Kompyuta" limekwisha kuoa na kuzaa hapa petu, la nini kulitalikisha? Bali "kipanya" ni neno lililozaliwa na mkia wake.

Kibodi za simu ni habari nyengine. Hizi zina tabia ya mtoto aliyesomeshwa nusu, anayekumalizia maneno kabla hujasema. Niliwahi kumtumia mtu ubeti wa huba uliokuwa na neno "nyonda", naye akausoma "nyundo". Nikaandika "mato" kwa maana ya macho, simu ikaona afadhali iwe "moto". Ukimsoma mpenzi mwenye nyundo na moto utadhani ni mhunzi. Mashine za kutafsiri nazo, ambazo siku hizi wateja wangu hunijia nazo wakitaka niwasahihishie kwa nusu ya ujira, zina ugonjwa wao. Yeye wetu haambiwi mume wala mke. Ni mja wa Mwenyezi Mungu basi. Zile nilizozionja, "yeye ni daktari" huvuka upande wa pili akawa mwanamume, na "yeye ni muuguzi" akawa mwanamke. Lugha yetu haikusema hivyo. Nilimwonesha mpwa wangu, akasema mashine imejifunza kwa watu. Sikuweza kumbishia.

Usiku wa Idd pili, baada ya isha, nikamchokoza. "Kama programu zako zina akili, nihesabie mizani." Akacheka, akaketi, na kabla chai haijapoa alikuwa keshaandika mistari thelathini na ushei. Kanuni aliyoitumia ni ile wanayosomeshwa watoto: hesabu irabu, kisha ongeza m na n zinazosimama peke yao mbele ya konsonanti. "Mtu" ikatoka mizani mbili, "nchi" mbili, "mpenzi" tatu. Nikampa shairi langu moja. Mishororo yote ikatoka kumi na sita, kichwa kikanivimba. Nikampa la pili, programu ikasema mshororo wa tatu una kumi na tano.

Neno lililopunjwa lilikuwa "mbuyu". Programu ililipima kwa kipimo cha "mbuzi". Lakini mbuzi ni mbu-zi, mizani mbili, na mbuyu ni m-bu-yu, tatu, kwa kuwa ile m ya mwanzo ni alama ya mti, imesimama kwa miguu yake. Kiuyu Mbuyuni mtoto wa miaka minne hakosei hilo. Mpwa wangu akasema si neno, ataitia orodha ya miti. Nikamuuliza, "Na mbaya?" Mtu mbaya ni m-ba-ya, tatu. Nyumba mbaya ni mba-ya, mbili. Herufi zile zile, zimepangwa vile vile, na pishi mbili tofauti. Akanyamaza, akauma ncha ya kidole. "Hapo, mjomba, sharti programu ijue sarufi."

"Nani kaizuia?"

Lakini sikuondoka na ushindi mzima. Aliniuliza nalo neno "labda" nalihesabu mizani mbili au tatu, kwa sababu washairi aliowasoma hawakuafikiana. Nikamjibu kweli: huwa tatu nikihitaji tatu. "Hiyo si kanuni, mjomba," alisema, "hiyo ni shida." Tukacheka hata mke wangu akatuuliza kulikoni.

Asubuhi yake alinionesha kitu ambacho nilikitamani miaka yote na sikujua kuwa kipo. Mtu mmoja aitwaye Kevin Donnelly alitengeneza programu, akaiita Andika!, inayokuwezesha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kukigeuza kutoka hati hii kwenda ile. Mama yangu hakujua herufi ya Kirumi hata moja. Hesabu zake za mwani na barua zake kwa ndugu zake wa Mombasa aliziandika kwa hati hiyo, na che yake na pe yake zilikuwa na madoa matatu yaliyopangika kama mafiga. Niliandika jina lake, nikalitazama likigeuka pale kiooni. Tuliache hilo.

Nikamwambia mpwa wangu kuwa kwenye simu zetu za mwanzo hati hiyo ingetufilisi, naye akanieleza kwa nini. Ujumbe mfupi wa simu huchukua herufi 160 za Kirumi. Ukiuandika kwa herufi za Kiarabu huchukua 70 tu, kwa kuwa kila moja hutengewa nafasi kubwa zaidi. Hapo ndipo hadithi ya kikapu ilipofika ilikokuwa ikienda.

Baina ya 2006 na 2010 nilikuwa nikijibizana kwa mashairi na rafiki yangu wa Tumbe, mvuvi na mwalimu wa chuo, mtu ambaye hakupata kuchapishwa popote. Sote wawili tulikuwa na Nokia 1100, ile iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, yenye tochi kichwani na vibonye vya mpira visivyoingia vumbi. Rai yangu ni kwamba hakijatengenezwa chombo kinachomfaa mtu wa shamba kupita kile. Umeme wa gridi ulifika Pemba mwaka 2010, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na baina ya kufika Pemba na kufika nyumbani kwangu pana miaka nyengine. Simu ile niliichajisha dukani mara moja kwa wiki, kwa malipo, ikatosha. Mtandao niliupata nikipanda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya bomani kwa jirani. Watu walinizoea. Wakiniona juu ya kichuguu usiku, tochi ikimeta, walijua Tumbe kumekuja ubeti.

Sasa, msomaji mpenda mashairi, fanya hesabu nami. Ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, ni mizani 64. Kila mizani ni herufi mbili na kidogo. Ongeza nafasi baina ya maneno, unafika 170 au unapita. Ubeti wetu wa asili haukuenea katika ujumbe mmoja kwa tofauti ya neno moja au mawili! Basi tukawa tunapima kwa mizani mbili, ya masikio na ya kampuni ya simu. Mimi nilibana. Nilitafuta maneno mafupi, nikaacha salamu, nikaunganisha palipostahiki kuachanishwa. Rafiki yangu hakukubali. Alikuwa mtu wa adabu ya zamani, hawezi kukupa ubeti bila kukusalimia na kuwauliza hali watoto. Herufi zilipomwishia alituma, kisha akaendelea katika ujumbe wa pili pale pale alipokatikia, hata ikiwa ni katikati ya neno. Ilimgharimu mara mbili kila siku. Alisema salamu haihesabiwi.

Simu ile ilikuwa na nafasi ya jumbe chache, hamsini hivi. Sanduku likijaa, ujumbe mpya hauingii mpaka ufute wa zamani. Nami nikifuta. Beti zake nilizifuta ili nizipishe beti zake. Zangu niliziandika kwanza katika daftari la skuli, kisha nikazituma; ndiyo maana zangu zote zipo, madaftari mawili na nusu. Zake nilikuwa nikisema nitazinakili kesho. Ninayo majibu ya miaka minne, na maswali hayapo. Anijibu mtu mimi nilijibu nini niliposema kuwa jahazi lake nimeliona na tanga silo? Sikumbuki jahazi gani.

Kwenye rafu yangu kipo kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba, mashairi ya Kamange na Sarahani, yaliyokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, akayahariri Abdilatif Abdalla, yakachapishwa 2011. Sarahani alifariki katika miaka ya 1920, hakuna umeme wala chaja, na beti zake ninazo. Rafiki yangu alifariki 2010, kabla ya Ramadhani ya mwaka ule, na mimi niliyekuwa mpokezi wake pekee sinazo. Kila nikikichukua kitabu kile huona kama waliokikusanya wananitazama.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa nia njema kabisa, akasema ipo njia. Akapiga picha kurasa za daftari langu, akazipa moja ya zile mashine za lugha za siku hizi, akaiamuru itunge yale yaliyopotea, kwa vina vya majibu yangu na kwa mizani kumi na sita. Kahawa haijamiminwa, beti nane zilikuwa tayari. Tano zilikuwa upuuzi, zimejaa nyota na mawimbi kama kadi za harusi. Mbili zilipungua mizani. Lakini ubeti wa sita ulikuwa mzuri. Nikausoma. Nikausoma tena, na mara ya pili nikausikia kwa sauti yake, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kituo.

"Ufute."

"Mjomba, huu si..."

"Ufute."

Akaufuta. Mimi nami nilitaka kuufuta nisiweze, na mpaka naandika makala haya umo kichwani, umekaa palipokuwa na nafasi ya kweli. Siutaji hapa hata neno moja, asije mtu Tumbe akauimba.

Alikaa kimya muda, akijipangusa miwani. Kisha akaiokota Nokia mkekani. "Na hii, uliijaribu lini?" Nikamwambia betri ilifura, nikaitupa, nikaweka mwili kikapuni. Nilidhani chombo kikifa hufa na vilivyomo. Pengine nilipenda kudhani hivyo. Akageuza, akatazama ndani, akasoma namba: BL-5C. Akainuka bila kuomba ruhusa, akaenda jikoni, akarudi na kiredio cha mke wangu. Betri ile bado inatengenezwa, na redio nyingi ndogo zinaitumia. Akaitoa redioni akaitia simuni. Laini ya zamani, iliyofungwa miaka mingi, ilikuwa bado imo. Akabonyeza. Kile kioo cha kijani kikawaka, na mikono miwili ikaja ikashikana.

Jumbe zilikuwa arubaini na tatu. Nyingi ni za vocha, za bei ya mwani, na moja ya kunitaka nilipe deni ambalo nalikumbuka kuwa nililipa. Saba zilikuwa zake. Sita ni salamu na habari za hali ya bahari. Ya saba, ya Februari 2010, ilikuwa na ubeti. Salamu zake zilichukua karibu robo ya nafasi: kanisalimia mimi, mke wangu, na watoto kwa majina. Kisha mishororo miwili mizima, kina cha mwisho ni "ma". Kisha wa tatu:

Na kama hukuniona, jua kwamba nimek

Basi. Herufi 160 zimetimia. Ujumbe wa pili haumo. Ama niliusoma nikaufuta, ama haukuingia kwa kuwa sanduku lilijaa. Sijui, na kuna usiku hulala nikiwa na yakini ya hili, nikaamka na yakini ya lile.

Imebaki mizani mbili na kina "ma". Si "nimekama", hakuwa na ng'ombe. Yaweza kuwa "nimekwama". Hilo lilikuwa neno lake la siku zote. Maji yakimtoka na dau likikaa mchangani, na tuna miadi Konde, hunitumia neno hilo moja tu nikacheka. Na yaweza kuwa "nimekoma". Februari ile alikuwa keshaanza kuumwa, jambo ambalo sikuambiwa mpaka Mei. Jibu langu limo daftarini. Nilimjibu kwa mzaha, kwamba maji yakijaa atanasuka. Ina maana niliusoma ule wa pili? Au nilikisia?

Mpwa wangu alifungua laptopu yake, akanakili ubeti ule katika faili la maandishi matupu, salamu zote na majina ya watoto. Alipofika "nimek" vidole vyake vikasimama juu ya vibonye, akanitazama. Hakusema neno. Nikatikisa kichwa. Akaweka kituo? Hakuweka. Akahifadhi faili vile vile, akalinakili katika flashi mpya, na jengine akajitumia mwenyewe Unguja.

Jikoni mke wangu alikuwa akiita, taarifa ya habari imekaribia, nani kachukua redio yake.